Lipa Umeme Kadri Atumiavyo Jirani

Historia ya umeme Dar es Salaam ni historia ya nani alihesabiwa kuwa mtumiaji. Wajerumani walipouwasha mwaka 1908, uliendesha karakana za reli na kuangaza sehemu ya mji walikoishi maofisa wao. Waingereza wakaugawa mji katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Kariakoo ya Waafrika. Mwaka 1931 huduma ikakabidhiwa kampuni binafsi, na kampuni hutandaza nyaya panapolipa. Kwa wakazi wengi wa Kariakoo, mwanga wa usiku uliendelea kuwa wa kandili na koroboi.

Baada ya Uhuru serikali ilizichukua kampuni hizo, na mitambo ya maji ya Hale na Kidatu ikajengwa. Hata hivyo, umeme ulipoenea Kariakoo ulikuta nyumba ambayo waliopanga huduma hawakuifikiria. Nyumba ya Kiswahili tunaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Mwenye nyumba huenda akakaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kwa fundi aliyefunga mita, hiyo ni nyumba moja. Kwa wanaoishi humo, ni kaya sita.

Katikati ya miaka ya 1990 ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Jina zuri, nami napenda kuwauliza wanafunzi wangu: kadri atumiavyo nani? Katika nyumba ya vyumba sita kila chumba huchangishwa kiasi sawa, na mwenye friji huongezewa kidogo. Anayebadilisha balbu ya wati 60 inayowaka saa tano kila siku kwa ya LED ya wati 9 huokoa zaidi ya uniti saba kwa mwezi. Hesabu ni sahihi, ila faida inagawanywa kwa sita, naye anabaki na uniti moja na ushei. Tukimwona anaacha pasi ikiwaka tusiseme hana elimu ya matumizi bora. Amepiga hesabu yake vizuri kuliko waandishi wa vipeperushi.

Liko jambo zito zaidi. Bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 ziliwawekea watumiaji wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mtumiaji wa kawaida ni shilingi 292. Nia ilikuwa kumlinda maskini, lakini kinachopimwa ni mita, wala si kaya. Chukua kaya sita, kila moja ikitumia uniti 40. Zingekuwa na mita zake, kila kaya ingelipa shilingi 4,000. Kwenye mita moja zinafika uniti 240, zinahesabiwa kama mtumiaji wa kawaida, na kila kaya inalipa shilingi 11,680. Kwa hiyo mtu anayeishi peke yake katika nyumba yake, mwenye matumizi madogo, hupata nafuu ambayo mpangaji wa chumba kimoja, mwenye watoto watatu, haipati.

Wengine watasema zifungwe mita ndogo za ndani kila chumba. Zitamaliza ugomvi wa friji, lakini bei itabaki ya 292. Mita kamili ni suala jingine: Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini, pasipohitaji nguzo, ilirejeshwa shilingi 320,960. Kwa nafuu ya 7,680 kwa mwezi, fedha hiyo hurudi baada ya takriban miezi 42. Anayetakiwa kuitoa ni mwenye nyumba, anayenufaika ni mpangaji, na Kariakoo ya leo, ambako nyumba za ukumbi hubomolewa kupisha maghorofa, ni mpangaji gani ana hakika ya miezi 42?

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, orodha za wakazi ziko serikali za mitaa. Idadi ya kaya zilizo nyuma ya kila mita inaweza kujulikana, na kiwango cha uniti 75 kikazidishwa kwa idadi hiyo.