Mkataba wa Unyanyembe: Mtemi, Wafanyabiashara wa Tabora na Dola ya Unguja

 

Wanafunzi wetu wanaposoma mlango wa ahdi na mikataba katika vitabu vya fiqhi, mifano wanayopewa ni ya Hijazi na Shamu. Ni mifano mizuri, wala hatusemi iachwe. Lakini tunao mfano mwingine hapa hapa nyumbani, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, nao haufundishwi. Tunakusudia kuueleza kama ulivyokuwa, pamoja na yale yasiyotupendeza.

Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, ilikuwa ndani ya nchi ya Unyanyembe, na Unyanyembe ilikuwa na mtemi wake. Wazungu Burton na Speke walipofika hapo mwezi wa Novemba 1857 (1274 Hijria), mwenyeji wao alikuwa Sheikh Snay bin Amir al-Harthi, na mtemi alikuwa Fundikira. Waarabu na Waswahili walikuwa wageni wenye nguvu: bunduki, baruti, vitambaa vya merikani na shanga. Mtemi alikuwa na ardhi, chakula, wapagazi na watu wa vita. Kila upande ulimhitaji mwenziwe, na mafungamano yao yalitiwa nguvu kwa zawadi na kwa ndoa. Muhammad bin Juma al-Murjebi, baba yake Hamed bin Muhammad anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde binti Fundikira. Sharti kubwa la mafungamano hayo lilikuwa moja: wafanyabiashara waliokaa Unyanyembe hawakutozwa ushuru na mtemi, ilhali njia nzima walikuwa wakilipa hongo kwa kila mtawala waliyempitia.

Tuseme kweli pia juu ya biashara yenyewe. Misafara ile ilichukua pembe za ndovu, na ilichukua watu. Anayeandika historia ya Tabora akaficha hilo hajawatendea haki wasomaji wake.

Fundikira alipofariki, akatawala Mnywa Sele, ambaye wageni wameliandika jina lake Manua Sera. Huyu aliona kuwa utajiri unapita mlangoni pake na yeye hapati fungu. Akaweka ushuru juu ya mali za wafanyabiashara. Wao wakakataa. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe kwa Speke mwaka 1861, walimtishia kumwondoa, kisha wakafanya hivyo kweli: walimwinua Mkasiwa, mtu wa nyumba hiyo hiyo ya utemi, wakamkalisha katika kiti chake. Mnywa Sele akaingia porini na watu wake, akawa anaivizia misafara. Sheikh Snay bin Amir aliuawa katika vita hivyo mwaka 1861. Speke alijaribu kuwapatanisha akashindwa. Vita viliendelea hadi mwaka 1865, Mnywa Sele alipokamatwa na kukatwa kichwa.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye mas'ala. Nani alivunja mkataba?

Wafanyabiashara wana hoja, wala si ndogo. Mafaqihi wamekubali kuwa jambo lililozoeleka baina ya watu huhesabiwa kama sharti waliloandikiana, na msamaha wa ushuru ulikwisha kuwa desturi. Kwa hivyo Mnywa Sele ndiye aliyebadilisha masharti peke yake. Sisi tunaikubali hoja hii mpaka hapo. Lakini haki wanayoipata kwayo ni ipi? Ni kudai sharti lao, au kutangaza kuwa wamejitoa na kuondoka na mali zao. Suratul Anfal, aya ya 58, imeonesha njia pale inapohofiwa hiana kwa watu wa mkataba: warudishiwe mkataba wao waziwazi, pande zote zijue. Haikufungua mlango wa mgeni kumng'oa mwenye nchi na kumweka mwingine amtakaye. Na kwamba Mnywa Sele hakuwa Muislamu hakubadilishi kitu, kwani ahadi kwa asiyekuwa Muislamu ni ahadi. Wengi wa waliofanya hayo walikuwa watu wa dini, Maibadhi na Mashafii, na baadhi yao walikuwa wasomi. Jambo hili linatuhuzunisha zaidi kuliko lingekuwa la wajinga.

Baada ya hapo ushirika ule ulibaki kwa jina. Mkasiwa alikuwa mtemi kwa hisani ya bunduki za wageni, na kila mtu alilijua hilo. Mshirika anayekaa kwa hisani yako hawezi kukukataza unapokosea.

Ndipo alipotokea Mirambo wa Urambo, magharibi ya Tabora. Mwaka 1871 (1288 Hijria) aliuzuia msafara uliokuwa ukienda Ujiji, akachukua baruti, bunduki na vitambaa, kisha akauamuru urudi ulikotoka. Wafanyabiashara walikusanya jeshi la watu zaidi ya elfu mbili. Henry Stanley, aliyekuwa Tabora akielekea kumtafuta Livingstone, alikwenda nalo na ameandika aliyoyaona. Waliteka vijiji, wakakimbilia ngawira, na Soud bin Said akauawa katika shambulio la kuviziwa njiani wakirudi. Hapo jeshi likatawanyika, kila mmoja kivyake. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah alitoka na watu wake wachache kumkabili, wakamkimbia, akauawa. Waliobaki walijifungia ndani ya matembe yao wakitazama nyumba za wenzao zikiungua.

Mshirika wa tatu alikuwa Unguja. Sayyid Barghash alikuwa na wali Tabora, Said bin Salim al-Lamki, yule yule aliyewaongoza Burton na Speke. Lakini mamlaka ya Sultani bara yalikuwa ya bendera zaidi kuliko ya amri; alichokihitaji ni pembe zifike pwani na forodha ipate ushuru wake. Njia ya Ujiji ilipofungwa, aliingizwa katika vita ambavyo hakuvianzisha, naye wakati huo ana mizigo yake: kimbunga cha Aprili 1872 kilikwisha kuiharibu Unguja, na mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Hata hivyo alipeleka askari. Askari wa pwani na wakazi wa Tabora hawakusikilizana juu ya nani aamrishe na nani agharimie. Msomaji atawakumbuka Makureishi na Banu Bakri baada ya Hudaibiya: mshirika mdogo alifanya uadui, na mkubwa akabeba matokeo. Mapigano makubwa na Mirambo yalipoa mwaka 1875 bila ya Tabora kumshinda.

Mkasiwa alifariki mwaka 1876 na kurithiwa na Isike. Mirambo naye alifariki mwishoni mwa 1884, na hofu ya adui mmoja, iliyokuwa kamba ya mwisho ya kuwafunga pamoja, ikakatika. Emin Pasha alipofika Tabora mwaka 1890 kwa niaba ya Wajerumani, Waarabu wa mji waliafikiana naye na bendera ya Ujerumani ikapandishwa. Mwaka huo huo Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na pwani ya bara ikachukuliwa na Wajerumani kwa malipo ya marki milioni 4. Isike alikataa. Aliwapiga Wajerumani zaidi ya mara moja kutoka katika boma lake. Januari 1893 (1310 Hijria) Tom von Prince alipolivunja boma hilo, Isike aliiwasha baruti iliyokuwa ndani, naye akiwa humo.