Upimaji wa sukari kwa paka anayefunga choo

Ni ufuatiliaji wa glukosi katika damu ya paka mwenye tatizo sugu la kufunga choo, hasa akiwa pia na kisukari. Kisukari huchochea kufunga choo: sukari ikizidi, paka hukojoa sana, mwili hupungukiwa maji na kinyesi hukauka. Tone la damu hutolewa ukingoni mwa sikio na kupimwa kwa glukometa. Hofu peke yake hupandisha sukari ya paka, hivyo kipimo kimoja cha kliniki hakitoshi; cha nyumbani, paka akiwa ametulia, huaminika zaidi. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo, ina sukari kiasi na huweza kupandisha vipimo. Paka aliyegoma kula asichomwe insulini kabla ya kumuuliza daktari wa mifugo.