Mrumbi: Kapteni Joubert, Agnes Atakaye na Watoto Wao

Kusini mwa Kalemie, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ipo Mpala, kituo ambacho Luteni Émile Storms, askari wa Ubelgiji, alikianzisha mwezi Mei 1883 kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II, na ambacho mwaka 1885 kilikabidhiwa Mapadri Weupe, yaani wamisionari wa shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Kituo hicho kilirithi pia vita vya watu wengine. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Manyema na bonde la Luvua ilishuka ziwani na kuvuka hadi Ujiji, na Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alitaka ufuo wote uwe chini yake.

Hapo ndipo alipofika, mwaka 1887, Léopold Louis Joubert, Mfaransa aliyezaliwa Saint-Herblon mwaka 1842 na aliyekuwa amepigana tangu ujana wake katika jeshi la Papa, hata akajeruhiwa Castelfidardo mwaka 1860. Lavigerie alimtuma awe mlinzi wa wamisionari na wa watu waliokimbilia kwao, miongoni mwao watumwa waliokombolewa, yaani walionunuliwa kwa vitambaa, vilivyotumika kama fedha barani, ili waachwe huru.

Vitabu vingi humkumbuka Joubert kwa bunduki zake, na ni kweli kwamba aliwafunza vijana wa huko uaskari akawazuia watu wa Rumaliza wasiiteke Mpala, hadi Kapteni Alphonse Jacques alipokuja mwaka 1891 na kujenga Albertville, ambayo jina lake lilihamia baadaye katika mji unaoitwa Kalemie sasa. Hata hivyo, jambo lililomtenga na askari wengine wa Ulaya lilitendeka kanisani. Mwezi Februari 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi ile, kwa ndoa halali ya Kikatoliki, katika enzi ambayo Mzungu wa Kongo kwa kawaida aliishi na mwanamke Mwafrika kama kimada, akamwacha pamoja na watoto pale mkataba wake ulipokwisha. Joubert hakuwa na safari ya kurudi. Walijenga kijiji chao Mrumbi, kikaitwa Saint-Louis, nao wakajaliwa watoto 10, wawili kati yao wakawa mapadri. Waandishi waliohesabu mapigano yake moja baada ya jingine wamempa Agnes mstari mmoja au miwili tu, ingawa bila yeye mlowezi huyo angebaki mgeni mwenye silaha.

Ukoloni ulipokamilika, kazi ya Kapteni Joubert iliisha, kwa kuwa serikali ilikuwa na askari wake. Ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliziondoa familia nyingi ufuoni, nao akina Joubert wakahamia Misembe, karibu na Moba, ambako mzee huyo alifariki mwaka 1927 akiwa na umri wa miaka 85.

Mwanawe Albert, aliyezaliwa Mrumbi mwaka 1908 wakati baba yake alipokuwa na miaka 66, alikuwa padri wa jimbo. Tarehe 28 Novemba 1964, katika uasi wa wapiganaji walioitwa Simba mashariki mwa Kongo, aliuawa Fizi pamoja na padri Mwitaliano, Giovanni Didonè. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri pamoja na Didonè na Waitaliano wengine wawili waliouawa siku ileile ya Novemba 1964 huko Baraka.