Karata ya Kwanza Hutupwa Gizani

Briji ni mchezo wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akiwa ameshika karata 13. Huanza kwa mnada. Kila upande hutaja idadi ya mizunguko unayoahidi kuila, pamoja na aina itakayokuwa turufu, iwe ni kopa, uru, shupaza au pau, au huahidi kucheza bila ya turufu. Mnada ukishafungwa, aliyekaa kushotoni mwa mwenye ahadi hutakiwa atoe karata ya kwanza. Wakati huo hajaona chochote ila zile 13 zake. 39 zilizobaki amefichwa. Akishaitoa tu, mwenzi wa mwenye ahadi huzilaza karata zake zote mezani na kunyamaza, ndiyo maana Waingereza wakamwita bubu. Tangu hapo kila anayecheza huona nusu ya karata zote. Basi ni mtu mmoja tu anayelazimika kutenda kabla ya kuona, na mara nyingi ni tendo lake hilo linaloamua kama ahadi itatimia au itavunjika.

Giza hilo ni kongwe kuliko briji yenyewe. Mwaka 1742 Edmond Hoyle alichapisha huko London kijitabu kuhusu wisti, mchezo uliozaa briji, na ndani yake aliwafundisha wasomaji ni karata gani ya kuanzia. Wanawisti wa karne ya 19 walikwenda mbele zaidi. Hao walishikilia kwamba karata si silaha peke yake, bali ni lugha: mchezaji aitoapo humwambia mwenziwe jambo. Katika miaka ya 1880 Nicholas Trist wa New Orleans, akiandikiana na Henry Jones wa London ambaye wasomaji walimjua kwa jina la Cavendish, aliieneza kanuni ya kuanza na karata ya nne kutoka juu katika aina ambayo mchezaji anayo kwa wingi.

Kanuni hiyo ilikuwa na hazina ndani yake, na aliyeifumbua, karibu na mwaka 1890, ni Robert Foster, mzaliwa wa Scotland aliyeishi Marekani. Ikiwa karata iliyotolewa ni ya nne kutoka juu, alisema, itoe thamani yake katika 11. Jibu ni idadi ya karata zinazoipita zilizomo mikononi mwa wale watatu wengine. Tuseme imetoka sita. Juu ya sita, kufikia ree, ziko karata nane. Tatu anazo mwenyewe aliyeanza, zimebaki tano. Mwenziwe akiziona mbili kwa bubu na akiwa na mbili mkononi mwake, anajua kwamba mwenye ahadi anayo moja tu. Kwa hesabu ya mtoto wa chuoni, pazia limefunuliwa.

Lakini limefunuliwa kwa wote. Mwenye ahadi naye anajua kutoa sita katika 11, na hesabu ileile inamwonyesha karata za adui zake. Hapa ndipo ulipo uadilifu wa mchezo huu: taa inaruhusiwa, kwa sharti kwamba iwamulikie rafiki na hasimu. Mwenye kukubaliana na mwenziwe juu ya maana ya karata hana budi kuwaeleza wapinzani wakimwuliza.

Mwaka 1925 Harold Vanderbilt wa Marekani, akiwa safarini baharini, alitengeneza hesabu mpya ya alama iliyoipa briji sura iliyo nayo hata leo. Kwa kuwa sasa ushindi ulitegemea ahadi iliyotamkwa, mnada uliongezeka uzito, na mwenye kutoa karata ya kwanza akapata maneno mengi zaidi ya kuyasikiliza. Mwaka 1929 Theodore Lightner akaongeza neno moja zito. Wapinzani wanapoahidi mizunguko 12 au yote 13, yule asiyeanza akitamka maradufu, yaani thamani ya ahadi na ya kuivunja ipandishwe, huwa anamwomba mwenziwe aache aina iliyotarajiwa na alete isiyotarajiwa. Mara nyingi ni kwa sababu hana hata karata moja ya aina hiyo, naye ataikata kwa turufu. Ombi hilo nalo husikika meza nzima, na wapinzani wana nafasi ya kuikimbia ahadi yao.

Haikosi, hata hivyo, wako waliotaka taa ya kuwamulikia wao tu. Kwenye mashindano ya dunia ya Bermuda mwaka 1975, ambako kwa mara ya kwanza wachezaji walitenganishwa na kiambaza mezani ili wasitazamane nyuso, wachezaji wawili wa Italia walikemewa vikali, kwa sababu mmoja alikuwa akimgusa mwenziwe kwa miguu wakati wa mnada na kabla ya karata ya kwanza kutolewa. Kiambaza kilikuwa hakifiki chini ya meza.

Mwaka 2011 David Bird na Taf Anthias walitoa kitabu kilichouliza swali la zamani kwa njia mpya. Waliiachia kompyuta igawe karata mara maelfu, kisha ipime kila karata ya kwanza ingeleta nini. Ilionekana kwamba dhidi ya ahadi isiyo na turufu, ile ya nne kutoka juu haistahili sifa zote ilizopewa. Pale wapinzani walipoifikia ahadi yao bila ya kutafuta kopa wala shupaza, mara kwa mara ilifaa zaidi kuanza na mojawapo ya hizo, hata kama mchezaji anazo mbili tu. Ila mashine ilizipima karata hizo kana kwamba zote ziko wazi mezani. Ilijua nguvu ya karata. Ujumbe ambao karata humpelekea mwenzi aliye gizani haikuupima.

Mwaka 2015 Boye Brogeland wa Norway alijitokeza hadharani kuwashutumu wachezaji wawili wa Israeli waliokuwa zamani katika timu yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wachezaji wenzao walikaa kuzitazama kanda za video, wakabaini kwamba mnada ulipokwisha, mahali ulipowekwa ule ubao wa kubebea karata palimwashiria mwenzi aina ya kuanzia. Mwaka 2016 shirikisho la briji la Ulaya liliwafungia miaka mitano, na kuwakataza wasicheze tena pamoja maishani. Kati ya yote yanayoweza kuibwa katika mchezo huu, walichokimbilia ni ile karata moja inayotolewa kabla ya kuona.

Sheria inataka karata hiyo iwekwe kwanza kifudifudi, mwenziwe apewe nafasi ya kuuliza maana ya mnada, ndipo ifunuliwe. Maswali huulizwa kwa sauti, na majibu husikika na wote. Kisha bubu hulaza karata zake, na aliyeanza huona, pamoja na wengine, kama alibahatisha au alifikiri.