Snokeli hailizuii gari la kambi kusombwa na mto

MAGARI ya kambi, yale yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, au hema lililofungwa juu ya paa, si mageni tena katika barabara za mbuga za Afrika Mashariki. Wageni hukodi Land Cruiser na Land Rover za aina hiyo Arusha na Nairobi, na baadhi ya wakazi wa mijini hujitengenezea ya kwao.

Mengi hufungwa snokeli, lile bomba linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele ili injini ivute hewa kutoka usawa wa paa. Dereva anayeliona bomba hilo kila siku huanza kuamini kwamba gari lake linaweza kupita popote, ilimradi maji hayajafika juu. Imani hiyo ndiyo yenye hatari. Snokeli hulinda injini peke yake. Haiongezi uzito wa gari, wala haiyapi matairi nguvu ya kushika ardhi.

Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya wa kanisa waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na Mto Enziu, karibu na mji wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, dereva alipojaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Basi la ukubwa ule ni zito kuliko magari mengi ya kambi yanayokodishwa kwa watalii.

Sababu ni hesabu nyepesi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, na bodi ya gari inayoyasukuma maji hayo kando hunyanyuliwa kwa nguvu ile ile. Chukua gari la tani 3 ambalo sehemu yake ya kukaa na kulala ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, na imezibwa vizuri dhidi ya vumbi. Kila maji yanapopanda sentimita 10 juu ya sakafu, gari hupungukiwa na takriban kilo 800 za uzito wa kukanyaga ardhi. Yakifika sentimita 30, zimebaki kilo 600 tu. Wakati huo snokeli ingali juu kabisa, na ubavu mpana wa gari umeupokea mkondo kama tanga linavyopokea upepo.

Wapo wanaojaza tangi la maji ili gari liwe zito. Lita 100 ni kilo 100. Mbele ya hesabu hiyo, msaada wake ni mdogo mno.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba maji yanayotiririka yenye kina cha takriban sentimita 30 yanaweza kulichukua gari dogo, na sentimita 60 zinatosha kuyachukua magari mengi, yakiwamo makubwa ya kupanda milima.

Watengenezaji nao hutoa vipimo vyao. Land Rover Defender ya zamani ilipewa sentimita 50, na ile mpya iliyoingia sokoni mwaka 2020 hufikia sentimita 90 ikiwa na springi za hewa. Land Cruiser za mfululizo wa 70 hutajwa kuwa na sentimita 70. Lakini vipimo hivyo havikuzingatia mambo ambayo fundi ameyaongeza baadaye: betri ya pili chini ya kiti, matundu ya kupozea friji ubavuni, soketi ya umeme wa nje, bomba la kutolea maji machafu. Mwenye gari achukue futi kamba, apime kutoka ardhini hadi kwenye kitu cha chini kabisa kisichopaswa kulowa, kisha akiandike kipimo hicho karibu na usukani.

Kuupima mto wenyewe ni kazi ngumu zaidi. Vitabu vya Ulaya na Australia humshauri dereva atembee kwa miguu majini akiwa na fimbo ndefu. Ushauri huo ni mzuri mahali penye maji mepesi yasiyo na wanyama. Katika mito ya Mara, Grumeti au Ruaha, yenye mamba na viboko, anayeufuata anaweza asirudi. Huko ni afadhali kusubiri gari jingine livuke kwanza, au kuwauliza askari wa hifadhi na wenyeji. Sehemu pana ya mto kwa kawaida ina kina kifupi kuliko sehemu nyembamba. Magogo na matawi yanayopita kwa kasi ni dalili kwamba mto bado unapanda.

Hapa ndipo gari la kambi linapoyazidi magari mengine yote: lina kitanda na chakula. Makorongo ya nyanda kame, kama yale yaliyo njiani kuelekea Ziwa Natron, yanaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, kisha yakapungua baada ya saa chache. Hakuna aliye na udhuru mdogo wa kuharakisha kuliko msafiri aliyebeba nyumba yake. Asilale tu mchangani mwa korongo. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mto Talek ulivunja kingo na kuzifurika kambi nyingi za watalii katika Maasai Mara.

Maji yakishapungua na kuwa ndani ya kipimo, dereva asubiri kidogo difu na giaboksi zipoe. Vyuma vya moto vikiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia vipumulio na sili. Mitungi ya gesi ifungwe, madirisha yafunguliwe, na kamba ya kuvutia ifungwe kabisa nyuma ya gari. Asiwepo mtu katika sehemu ya kulala, kwa sababu mlango wa ubavuni ukisukumwa na maji kutoka nje huwa mzito kufunguka.

Gari liingie taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, likivuta kwa magurudumu yote manne, katika gia ya kwanza au ya pili ya upande wa nguvu. Mwendo huo hutengeneza wimbi dogo mbele na kuacha nafasi yenye maji pungufu mbele ya injini. Dereva asibadilishe gia, asikanyage klachi, asisimame. Anayeingia kwa kishindo hurusha maji hadi kwenye feni, na mapanga yake yanaweza kupinda na kuipasua rejeta.

Injini ikizimika majini, isiwashwe tena. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni hugonga ukuta na konrodi hupinda. Gari livutwe nje, kichujio cha hewa kikaguliwe, na fundi afungue nozeli au plagi kabla ya mtu kugusa ufunguo. Mikataba mingi ya kukodi magari huuacha uharibifu wa aina hii juu ya mteja, hivyo ni vyema kuisoma kabla ya safari.

Ng'ambo ya pili, breki zikaushwe kwa kuzikanyaga kidogo kidogo gari likiwa katika mwendo. Jioni, au kesho yake asubuhi, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili ikaguliwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na inapaswa kumwagwa siku hiyo hiyo.