Sakafu na Kitako Chake

Neno sakafu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako saqf ni paa au dari, yaani kile kinachomfunika mtu aliyemo ndani ya nyumba, na msomaji anayelijua leo kama jina la kitu cha kukanyagwa ana haki ya kuuliza ilikuwaje kitu cha juu ya kichwa kikashuka hadi chini ya nyayo. Jibu limo katika nyumba za mawe za pwani. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika mji wa Lamu boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Juu ya boriti yakalazwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe likamwagwa zege la chokaa, mchanga na kokoto, ambalo lilipondwa kwa magongo siku baada ya siku hadi likashikamana. Mwili huo mmoja ulikuwa dari kwa aliyekaa chini, sakafu kwa aliyekaa ghorofani, na paa pale ambapo nyumba haikuongezwa ghorofa. Kamusi sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 bado inazishika maana zote mbili, ya paa na ya sakafu, na inaliweka pamoja nazo tendo lenyewe, kusakifu, ambalo masikio ya leo yamekwisha kulisahau.

Jambo la kuzingatiwa katika ujenzi huo ni kwamba kilichobeba na kilichokanyagwa havikutenganika. Hata saruji ilipochukua nafasi ya chokaa, desturi haikubadilika sana: fundi alimwaga zege, akapiga sakafu ya saruji na mchanga juu yake, kisha akapiga niru wakati tabaka hilo likiwa bado bichi, akilisugua kwa mwiko hadi likang'aa, na mwenye nyumba aliyetaka urembo akaagiza rangi nyekundu ichanganywe humo humo. Uso wa sakafu ulizaliwa na mwili wake. Kwa hiyo lugha haikuhitaji neno la pili, na si udhaifu wa Kiswahili kwamba hakikuwa nalo. Neno hutafutwa pale kitu kinapogawanyika.

Sasa kimegawanyika. Vigae, mazulia ya plastiki, mbao za lamineti zinazofungana kwa ulimi na mfereji, na ile bidhaa ya plastiki ambayo wauzaji wa Kenya wameipa jina zuri la mkeka wa mbao ingawa haina hata kipande cha mbao ndani yake, vyote hivyo hutoka dukani vikiwa vimekamilika na kuja kulazwa juu ya kitu kilichokuwapo kabla yavyo. Kitu hicho kilichotangulia, kinachobeba uzito wote na kuamua kama uso wa juu utadumu au utaharibika, ndicho ambacho Waingereza na Wamarekani hukiita subfloor. Kwa Mmarekani neno hilo huleta akilini mabamba ya plaiwudi yaliyopigiliwa juu ya mihimili, maana ndivyo nyumba nyingi za huko zinavyojengwa. Kwa Mwingereza linaweza kuwa zege au mbao za zamani. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa karibu daima litakuwa zege. Istilahi ya Kiswahili inapaswa kuzibeba hali zote hizo bila kumlazimisha msomaji aifikirie nyumba ya mtu mwingine.

Tafsiri zinazojitokeza haraka hazifai, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu kila moja hupotoka kwa namna yake. Sakafu ya chini ni maneno ambayo tayari yana kazi: katika jengo la ghorofa tatu, sakafu ya chini ni ile ya usawa wa ardhi, na fundi anayeambiwa akague unyevu wa sakafu ya chini atakiacha chumba cha ghorofa ya pili kilichokusudiwa. Sakafu ndogo hufuata kiambishi cha Kiingereza bila kuuliza maana yake, nayo huashiria udogo wa eneo. Msingi wa sakafu lingekuwa jina zuri kama neno msingi lisingekuwa limeshikwa na mawe na zege vinavyofukiwa ardhini kubeba kuta, na katika mikataba ya ujenzi hakuna mkanganyiko wa gharama kubwa kuliko huo.

Lipo neno ambalo mafundi wa Tanzania hawakulisubiri litoke ofisini. Baada ya msingi kujengwa, kifusi kikajazwa na kushindiliwa, mawe yakapangwa na nailoni ikatandazwa, wao husema wanamwaga jamvi, yaani lile tabaka la zege linalofunika eneo lote la ndani ya nyumba. Jamvi, kama kila mtu ajuavyo, ni mkeka mpana na mzito wa kutandikwa chini watu wakae, na ambao mara nyingi hutandikwa mikeka mizuri zaidi juu yake. Sitiari hiyo ni sahihi kuliko istilahi nyingi zilizotungwa kwa makusudi: inaonyesha upana, inaonyesha kwamba kitu kimelala juu ya ardhi, na inaacha nafasi ya kitu kingine kulala juu yake. Ingekuwa dhuluma kuitupa. Hata hivyo ina mpaka, kwa kuwa hakuna anayeliita jamvi zege lililoning'inia juu ya nguzo katika ghorofa ya tatu, ambalo ni slabu, wala mbao zilizopigiliwa juu ya mihimili, wala ile sakafu ya chokaa ya Mji Mkongwe. Jamvi basi ni aina moja, na linahitaji jina la jumla litakalolikusanya pamoja na wenzake.

Jina linalopendekezwa hapa ni kitako cha sakafu. Kitako ni sehemu ya chini ambayo kitu hukalia, kama kitako cha mtungi au cha sinia, na neno hili lina faida ya kutotaja mata wala mahali: zege, mbao, chokaa au udongo uliopondwa vinaweza kuwa kitako, chini au ghorofani. Kile kinachowekwa juu yake kinaweza kuitwa tandiko la sakafu, kutokana na kitenzi kutandika ambacho tayari hutumika kwa zulia na mkeka, ingawa kwa vigae mafundi wataendelea kusema wanapiga au wanaweka, na hakuna sababu ya kuwazuia. Kwa jozi hii neno sakafu linabaki kuwa jina la jumla la vyote viwili, kama lilivyokuwa siku zote.

Faida ya kutenganisha majina huonekana mara moja katika suala la unyevu, ambako Kiswahili cha kila siku kimebeba mtego mwingine. Fundi husema zege limekauka akimaanisha limeshika na linaweza kukanyagwa. Mwenye nyumba husikia kwamba maji yametoka. Hayo ni mambo mawili. Zege hukomaa kwa sababu saruji huungana na maji kikemia, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28, lakini maji yaliyozidi mahitaji ya saruji hubaki ndani na kutoka polepole kupitia uso wa juu. Mwongozo unaofuatwa Uingereza hukadiria siku 1 kwa kila milimita 1 ya unene katika milimita 50 za kwanza, na baada ya hapo kasi hupungua zaidi, hivyo kitako cha milimita 100 kilichokomaa barabara baada ya wiki nne kinaweza kuwa kibichi kwa miezi mingi. Ingefaa basi kushika kusemwe kwa ugumu wa mwanzo, kukomaa kwa nguvu, na kukauka kuachiwe kazi yake ya asili ya kutokwa na maji.

Njia rahisi ya kukijua kitako kibichi haihitaji chombo cha bei. Kipande cha nailoni angavu chenye upana wa karibu nusu mita kila upande hubandikwa kwa utepe wa gundi juu ya zege, kingo zote nne zikizibwa, kisha kuachwa kwa saa 16 au zaidi. Kikibanduliwa na kukutwa matone madogo yamejishika upande wa ndani, au zege lililokuwa chini yake limegeuka rangi na kuwa jeusi kuliko la pembeni, unyevu bado unapanda. Kigae kinaweza kuvumilia kitako cha namna hiyo, kwa sababu hakiozi na viungo vyake hupitisha mvuke kidogo. Lamineti hunywa maji hayo na kuvimba kwenye maungio. Mkeka wa mbao hauyanywi wala hauyapitishi, bali huyafungia chini yake, na anayeukunja baada ya mwaka mmoja hukuta ukungu mweusi na harufu ya ghala lisilofunguliwa. Nailoni ya geji 1000, yenye unene wa robo milimita, ikitandazwa chini ya jamvi kabla zege halijamwagwa, huzuia unyevu wa ardhini, lakini haiwezi kuyaondoa maji yaliyomo ndani ya zege lenyewe, na hilo husahauliwa mara nyingi mno.

Usawa nao huhukumiwa kwa tandiko litakalokuja. Pima maji hueleza kama kitako kimelala sawa au kimeinama. Ubao mnyoofu wa mita 2 ukilazwa juu yake hueleza kama kina mabonde na vilima, na kwa kazi nzuri mwanya chini ya ubao haupaswi kuzidi milimita 3. Mkeka wa plastiki hufuata kila kibonge cha saruji kilichosahauliwa, kiasi kwamba mwanga wa jioni ukiingia kwa mshazari kupitia dirishani makosa yote ya mwiko husomeka. Lamineti hufanya kinyume: huruka bonde kama daraja, ikabonyea kila mguu unapopita, mpaka ulimi wa maungio ukavunjika. Kwa vigae fundi hupata kishawishi cha kusawazisha kitako kwa udongo wa kubandikia, akiweka mabonge matano nyuma ya kila kigae, manne kwenye pembe na moja katikati, akigonga hadi uso ukawa sawa. Kazi hiyo hupendeza siku ya makabidhiano. Ukigonga kigae kwa sarafu, sehemu zenye udongo hutoa sauti fupi iliyokufa, na palipo wazi husikika mlio wa debe tupu. Hapo ndipo mguu wa kitanda au sufuria iliyoanguka itakapopasua. Kitako kilipaswa kusawazishwa kwanza kama kazi yake yenyewe, yenye bei yake kwenye hesabu.

Si kila kitako hutulia. Katika sehemu za Nairobi zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba masika na kusinyaa kiangazi, jamvi lililomwagwa bila kuuondoa udongo huo hupasuka, na ufa hupanda moja kwa moja hadi kwenye kigae kilichogundishwa juu yake. Tandiko lililolazwa bila gundi, kama lamineti yenye tabaka jembamba la povu chini na mwanya wa milimita 8 hadi 10 pembeni mwa kuta, halitapasuka pamoja na kitako, ingawa halitaponya ufa. Mbao nazo husogea na kunesa, hivyo vigae havipigwi juu yake bila tabaka gumu la kati. Sakafu za chokaa za miji ya kale zinahitaji uangalifu kuliko zote, maana chokaa hupumua: ikifunikwa kwa saruji nzito na vigae, unyevu hukosa pa kutokea juu na kurudi kwenye boriti, na zege jipya huziongezea uzito ambao hazikukusudiwa kuubeba. Mwenye nyumba ya namna hiyo angefanya vyema kutandika mkeka wa ukindu na kuiacha sakafu ya mababu iendelee na kazi yake.

Liko swali ambalo istilahi yoyote ya jambo hili lazima ilijibu: sakafu nyekundu ya niru katika nyumba ya miaka ya 1960, ambayo sasa inapigwa vigae, ni nini? Jana ilikuwa uso wa nyumba. Leo ni kitako, bila kubadilika hata chembe. Hii inaonyesha kwamba kitako ni cheo na si mata, na kwamba kitu kinaweza kukipata cheo hicho kwa kufunikwa tu, kama dari ya zamani ilivyopata cheo cha sakafu kwa kujengewa ghorofa juu yake. Lakini cheo hicho kina masharti. Sakafu iliyosuguliwa nta kwa miongo mitatu haishiki gundi, kwa hiyo hukwanguliwa na kutobolewa-tobolewa kwa tindo hadi saruji ghafi ionekane, kisha fundi hudondosha tone la maji hapa na pale: likisimama kama shanga, nta ingalipo na kazi ya kukwangua inaendelea, likinywewa na kuacha doa jeusi, kitako kiko tayari.