Kaharabu, redio ya babu, na chipu zangu zilizokufa Turbo

Leo sina kodi ya kuwaonyesha. Nina kisa kidogo cha aibu, na nyuma yake kuna historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Mnamo Januari moja nilikuwa natengeneza kidhibiti joto cha kibanda cha vifaranga vya mama. Nilinunua chipu nane mjini Eldoret, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, nikauviringisha ndani ya sweta na kuusukuma chini ya kitanda. Nilipozitoa, tano zilikuwa zimekufa. Nilipanda matatu hadi dukani na kumwita mzee wa watu tapeli mbele ya wateja wake. Hakunijibu kwa hasira. Aliniuliza tu: "Kijana wangu, ulikuwa umeziweka wapi?"

Nilimwona anakwepa. Kumbe aliuliza swali lenye umri wa miaka zaidi ya 2,000.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili, ule utomvu wa kale ulioganda ukawa kama jiwe la manjano tunauita kaharabu. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kitu kinachopokonya makapi, kwa sababu ukiisugua kaharabu kwa kitambaa inavuta vijipande vya majani makavu. Wagiriki waliiita elektron, na huko ndiko Waingereza walikotoa jina la umeme. Waarabu nao wanauita umeme wenyewe kahraba hadi leo. Kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat wanaozungumza Kiswahili wanalipa bili ya kaharabu kila mwezi! Umeme huu unaotokana na kusugua ndio umeme tuli.

Sasa jiulize: kama umeme huu ni wa kale hivyo, mbona mafundi wetu wa redio hawakuuogopa?

Utangazaji wa redio ulianza Kenya mwaka 1928. Redio za enzi hizo zilitumia valvu za kioo, na valvu haijali cheche ndogo ya kidole. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na kufikia miaka ya 1960, Sauti ya Kenya ilipokuwa hewani, redio ndogo za betri zilikuwa zimeingia vijijini. Transista nyingi za wakati huo zilikuwa za aina ya baipola, nazo zilikuwa vumilivu kiasi. Fundi wa babu yangu aliziweka kwenye mkebe wa tumbaku, mfukoni mwa koti, popote. Hakuwa mzembe. Vipuri vyake vilimruhusu.

Mabadiliko yalikuja kimyakimya. Mwaka 1959, Mohamed Atalla, mzaliwa wa Misri, na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, walitengeneza transista ya MOS katika maabara za Bell. Ndani yake lango la kuwasha na kuzima limetengwa na njia ya umeme kwa utando mwembamba sana wa oksidi, ndugu wa kioo. Utando huo ndio uliotupa kikokotoo, saa ya kidijitali, kompyuta na simu. Mwaka 1971 Intel 4004 ilikuwa na transista 2,300 za namna hii. Leo chipu ya simu ina mabilioni. Lakini kadiri transista zilivyopungua ukubwa ndivyo utando ulivyozidi kuwa mwembamba, na ukitobolewa hauponi.

Angalia hesabu hii. Mtu huanza kuhisi cheche ikifika kama volti 3,000. Transista ya MOS isiyo na kinga yaweza kufa kwa volti 100 au 200. Unaweza kuua kipuri bila kuhisi chochote! Tena si lazima kife papo hapo. Kingine hujeruhiwa tu, kinafanya kazi wiki tatu, halafu kinazima kikiwa tayari kwa mteja.

Hatari ya plastiki kavu ilikuwa imeshaonekana kwa njia ya kusikitisha. Tarehe 14 Aprili 1964, huko Cape Kennedy, Florida, injini ya roketi ya Delta iliwaka ghafla ndani ya jengo la majaribio, na wafanyakazi 3 wakapoteza maisha. Chanzo kilikuwa umeme tuli wa karatasi ya plastiki iliyoifunika. Upande wa vipuri, jeshi la Marekani lilitoa kanuni zake za kuvikinga mwaka 1980, na mwaka 1982 wataalamu wakaunda chama cha fani hiyo, ESD Association. Kanuni zikaingia viwandani. Kwa fundi wa kibanda aliyefunzwa na fundi wa redio, nani alimpelekea habari?

Turbo nayo ina mambo yake. Tuko kwenye nyanda za juu, barabara ya Eldoret kwenda Webuye. Kati ya Desemba na Machi hewa hukauka, asubuhi ni baridi, kila mtu yuko ndani ya sweta na blanketi la poliesta. Ukivua sweta gizani unaona cheche. Jedwali moja la jeshi hilo la Marekani linasema kutembea juu ya zulia hewa ikiwa kavu sana kunaweza kukujaza volti 35,000. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, 1,500 tu. Watu wa viwanda vya nguo wanalijua hili, ndiyo maana huongeza unyevu hewani ili nyuzi zisinatane. Na Eldoret ni mji wa nguo: Rivatex, ambayo Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, iko hapo hapo. Elimu ilikuwa jirani, mimi nikalala na chipu chini ya blanketi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Usifurahi mapema, mingi ya ile iliyochukua nafasi yake ni ya polipropilini, nayo hujichaji vilevile.

Basi nyumbani nafanya hivi. Chipu nazichomeka kwenye sponji nyeusi yenye kaboni, ili miguu yote iwe na chaji sawa. Pasipo tofauti hapana cheche. Bodi na RAM nazitia kwenye mfuko wa rangi ya fedha uliokuja na kipuri kingine, usiotoboka. Ule wa waridi hauzalishi chaji yake, lakini hauzuii cheche ya nje, na dawa yake huisha kwa miaka. Kisha vyote ndani ya mkebe wa biskuti wa bati, maana Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba chaji hukaa nje ya kizimba cha chuma. Usitupe chipu tupu moja kwa moja kwenye bati, wala usifunge kwa foili bodi yenye betri, utaleta shoti. Wakati wa kushika navaa mkanda wa mkononi wenye rezista ya megaomu 1, nao sivai nikifungua kifaa kilicho kwenye umeme. Nikikosa mkanda, nagusa kwanza chuma kilichoungwa na ardhi. Kagua hiyo erthi, nyumba nyingi zina tundu la tatu ukutani lisilofika popote.

Vifaranga walipata kidhibiti chao, wiki mbili baadaye. Mimi nilirudi Eldoret kumwomba mzee msamaha, na wakati huu nilihakikisha wateja wapo. Alicheka, akafungua droo, akanikatia kipande cha sponji nyeusi. Hakunitoza hata shilingi.